Asilimia kumi ya nini?

Habari kwamba nyumba yangu inauzwa milioni 52 niliipata kwa mteja wa vitenge.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Mwanga, Kigoma, bado halijachangamka. Mwalimu mmoja amesimama mbele ya meza yangu anajipima kitenge cha bluu begani, stori zikaingia kwenye nyumba. Anatafuta ya kununua, kupanga kumemchosha. "Juzi nimepelekwa Gungu," akasema. "Nyumba nzuri mama, geti la kijani, michikichi miwili mbele. Ila wanataka 52. Nikamwambia dalali, mimi mwalimu, sichimbi dhahabu."

Geti la kijani. Michikichi miwili. Nilikikunja kile kitenge, nikakikunjua, nikakikunja tena. Mimi nilimwambia dalali nataka milioni 42.

Nirudi nyuma kidogo. Mzee, mume wangu, alistaafu reli, na mama yake yuko Kasulu, amezeeka, hawezi kuishi peke yake. Tulikuwa na msingi wa nyumba kule tangu zamani. Tukakubaliana tuuze ya Gungu tumalizie ya Kasulu, mimi niwe nakuja Mwanga na mzigo mara mbili kwa wiki. Vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, jiko la nje, tangi la lita elfu mbili, kiwanja kimepimwa na hati ipo. Hiyo ndiyo nyumba.

Dalali wa kwanza alikuja siku ya tatu baada ya Mzee kulitaja jambo hilo kijiweni. Nitamwita Kofia, kwa sababu sijawahi kumwona bila kofia, hata ndani ya sebule yangu hakuivua. Alisalimia vizuri, shikamoo mama, shikamoo mzee, akazunguka nyumba akigonga kuta kwa kidole kama anayechagua nazi. Kisha akakaa na kuanza kutuhubiria reli. Ni kweli mkataba wa SGR, ile reli ya kisasa, wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na tangu siku hiyo sijasikia dalali anauza kiwanja ambacho hakiko karibu na stesheni. Mzee, mtu wa reli, akamuuliza stesheni ipi. Kofia akasema, "Ile mpya, mzee." Mzee akanywa chai yake.

Halafu likaja lile swali: "Mama, nyie mnataka ngapi mkononi?"

Nikasema 42.

"Sawa. Na mimi yangu ni asilimia kumi, kama kawaida."

Sasa mnijue. Mteja akinitajia elfu ishirini na tano kwa kitenge cha thelathini namjibu kabla hajafunga mdomo. Nimefanya kazi hii mwaka wa kumi na tisa, nimebishana na wanawake wa Ujiji ambao wakikushika bei unaweza kuwalipa wewe waondoke. Lakini siku hiyo nilikaa kimya. Asilimia kumi niliisikia kama kitu kilichoandikwa mahali, kama bei ya umeme. Kila aliyeuza kiwanja nimemsikia anaitaja. Hata Mzee alitikisa kichwa tu.

Hesabu sikuifanya mpaka yule mwalimu aliposema 52. Kumbe Kofia alikuwa na milioni 10 za juu, na bado alikuwa anasubiri milioni 4 na laki mbili kutoka kwangu. Jumla milioni 14 na laki mbili kwa nyumba ambayo hajawahi hata kufagia uani kwake. Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba mwalimu yule alikuwa na uwezo wa 43, alikuja kuniambia baadaye, na alishaondoka akaenda kununua Katubuka. Miezi miwili tulikuwa tunajiuliza kwa nini wateja wanakuja, wanatazama michikichi, hawarudi.

Nilimfuata kijiweni mchana uleule. Nilitegemea ataona aibu. Wapi! "Mama," akasema, na hakuwa mkali, "wewe kile kitenge unachouza thelathini unakinunua ngapi? Umewahi kumwambia mteja?"

Vijana wa bodaboda wakacheka. Nikaondoka sina jibu, nalo jambo likaniuma njia nzima, maana lina ukweli wake. Jibu lilinijia usiku, kama majibu yanavyokuja, wakati hayana kazi tena: kitenge nimekinunua. Kikichuja, kikiliwa na panya, kikipitwa na mtindo, hasara ni yangu. Ninaweka cha juu kwenye mali yangu. Wewe umeweka cha juu kwenye mali yangu, na bado unanidai asilimia. Chagua, kijana wangu. Kama unanunua, nunua, uza hata 80, sitakuuliza. Kama unaniuzia, basi bei anayoisikia mnunuzi niisikie na mimi.

Nilimwamsha Mzee nikamwambia. Akasema, "Ungemwambia yeye," akageuka upande wa pili.

Kwenye wiki ile ile nikaongea na binti wa kaka yangu aliyeko Ohio, Marekani. Yeye na mumewe waliuza nyumba kule, nikataka kujua wenzetu wanafanyaje. Akaniambia kwao mazoea yalikuwa asilimia 5 au 6, na muuzaji ndiye anayelipa yote, kisha dalali wake anamkatia dalali wa mnunuzi. Yaani unamlipa na yule aliyekuja kukupunguza bei. Wauzaji wakachoka, wakaenda mahakamani. Mwaka 2024 chama cha madalali, National Association of Realtors, kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi, na kuanzia Agosti 17 mwaka huo malipo ya dalali wa mnunuzi hayaruhusiwi tena kutangazwa kwenye ile orodha yao ya pamoja ya nyumba zinazouzwa. Mnunuzi naye anasaini makubaliano na dalali wake kabla ya kupelekwa kuona nyumba.

"Kwa hiyo sasa ni asilimia ngapi?" nikamuuliza.

"Shangazi, mtu anaongea."

Niliposikia hivyo nikajiona mjinga kidogo, halafu nikajisikia vizuri. Kumbe hata kule kwenye makaratasi yote yale, ni mtu anaongea. Na kuongea ndiyo kazi yangu.

Dalali wa pili ni dada wa makamo, anafanya kazi zake kwa simu, picha anapiga mwenyewe. Alikuja jioni, mimi nimekaa uani nachambua chikichi, akavuta kigoda akaanza kuchambua na mimi bila kuambiwa. Hapo alishanipata, lakini sikumwonyesha.

"Kumi, mama," akasema.

"Tatu."

"Tatu ni nauli, mama. Sio kazi."

Nikamwambia anieleze kazi. Akafuta mikono, akatoa daftari kwenye pochi. Nyumba moja ya Katubuka: wateja kumi na mmoja amewapeleka, bodaboda kwenda na kurudi kila mmoja, bando la mwezi, siku mbili amekaa ofisi ya ardhi anaulizia kama kiwanja kina mgogoro, na mwishoni mwenye nyumba akamuuzia shemeji yake kimyakimya. Dada yule hakupata hata soda. Ameandika yote kwa kalamu nyekundu, chini amepiga mstari mara mbili. Niliusoma ule ukurasa nikaona ni kama daftari langu la wadaiwa. Kofia hakuwahi kunionyesha kitu kama hiki, na labda naye anacho. Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza.

Mzee alikuwa barazani na redio yake. "Mpe tano tulale," akasema.

"Mzee, hatujafika huko."

Nikamuuliza yule dada, hiyo kumi yako, ukinipandishia bei kwa milioni moja, wewe unaongeza ngapi mfukoni? Akapiga hesabu, laki moja. Na ili mnunuzi aongeze hiyo milioni, utabishana naye siku ngapi? Akacheka. Akasema ukweli, ambao nampendea mpaka leo: "Kwa laki moja, mama, mimi nitakwambia wewe upunguze."

Hapo ndipo maongezi yalipoanza. Kumbe tulikuwa tunavutana kwenye namba wakati tatizo liko kwenye namna ya kuikata. Nikamwambia hivi: mpaka milioni 42, chukua asilimia 4, hiyo ni milioni 1 na laki sita na themanini, yako hata mnunuzi akija kesho. Kila milioni itakayozidi 42, robo yake ni yako, laki mbili na nusu. Aliacha kuchambua. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mteja anayelipa bila kuomba kupunguziwa, yaani kwa mashaka. Akarudia hesabu kwenye simu mara mbili. Akaomba tano badala ya nne. Nikamwambia ile robo iwe sehemu ya tano basi, achague. Akachagua robo.

Ningeishia hapo nisingekuwa na cha kuandika. Yaliyotuokoa ni yale tuliyoandika kwenye karatasi ya kaunta buku usiku ule, wakili akaja kuyanyoosha baadaye. Kwamba bei anayoambiwa mnunuzi ndiyo ninayoambiwa mimi, na mnunuzi naonana naye uso kwa uso kabla hajatoa hata shilingi. Kwamba malipo yake anayapata hela ikishaingia benki, na mnunuzi akilipa kwa awamu mbili, naye anapata kwa awamu mbili. Kwamba dalali mwingine yeyote atakayejitokeza anagawana naye humo humo, mimi sitafuti fungu jingine. Hili la mwisho alilipinga sana, akasema nyumba Kigoma haiuzwi na mtu mmoja, kuna wa kuleta habari, kuna wa kumjua mwenye hela. Nikamwambia najua, ndiyo maana naliandika. Yeye akaongeza lake: nikimpata mnunuzi mwenyewe, hata ndugu, nimpe laki tatu za jasho. Kwa ule ukurasa wa kalamu nyekundu, sikubisha. Miezi mitatu, sahihi yangu, sahihi ya Mzee, sahihi yake.

Wakili alipoiona akaniambia kitu ambacho sikukijua: hata kama Kofia angempata Mzee peke yake akasaini kila kitu, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Nilimtazama Mzee. Mzee akatazama dirishani. Kumbe Kofia alishawahi kumpelekea karatasi.

Mnunuzi alikuja wiki ya tano. Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, mtu wa maneno machache, viatu vyenye magamba. Tuliitangaza 46 na maongezi yapo. Akaanza 40. Mimi ningemwachia 42 siku ileile niende Kasulu. Yule dada akanikanyaga mguu. Alimchukua jamaa nyuma ya nyumba akamwonyesha tangi, mfereji wa maji ya mvua tulioujengea kwa saruji baada ya mafuriko ya mwaka ule mbaya, akamfungulia bomba, akamwambia ahesabu ndoo inajaa kwa muda gani. Siku tatu walikuwa wanapigiana simu. Ikaishia milioni 44 na laki tano. Kwa hesabu yetu dada akapata milioni 2, laki tatu na elfu tano. Ukiigawa ni asilimia 5 na kidogo. Kwa ile "kama kawaida" ingekuwa milioni 4, laki nne na hamsini.

Siku ya kuandikishana kwa wakili ilikuwa kama msiba, kila mtu anafika na hakuna aliyealikwa. Nilihesabu wanne. Kijana wa bodaboda aliyesema yeye ndiye aliyemwambia binamu yake ambaye ndiye anayemjua mnunuzi. Mzee mmoja wa Mwanga aliyesema "alibariki". Dalali aliyekuja na mnunuzi, huyu angalau tulimtegemea. Na mlangoni, kofia kichwani, Kofia.

Wawili wa kwanza dada aliwamaliza uani, sijui kwa shilingi ngapi, ni humo humo. Yule wa mnunuzi aliomba kwangu milioni moja. Nikamwonyesha mstari kwenye karatasi. Akausoma, akamgeukia dada, wakaenda pembeni, wakarudi wanacheka. Sikuuliza.

Kofia ndiye kesi. Alidai mnunuzi huyu yeye ndiye aliyemleta kwanza, enzi za 52. Na mnunuzi alipoulizwa akakubali: ni kweli, alipelekwa, akaishia getini, akatoa elfu kumi ya kutembezwa, akaondoka kwa sababu ya bei. Wakili akasema tunachotazama ni nani kasababisha mauzo haya. Mimi nikasema aliyesababisha yasitokee anajulikana. Sina karatasi naye, na bei yake ndiyo iliyomfukuza mtu. Mzee akasema tumpe laki mbili tuondoke mji huu na jina zuri. Nikakataa. Nilipotoka kwenda kusaini, Mzee alimpa laki moja kutoka kwenye hela yake ya pensheni, nimekuja kulijua Kasulu. Tumelizungumza mara tatu, hatujakubaliana, na sidhani tutakubaliana.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Kwenye kushuhudia mkataba niliambiwa kuna asilimia kumi ya ofisi ya mtaa, na hii nayo kama kawaida. Nilikuwa nimeshajifunza, nikauliza kumbukumbu namba nikalipie benki kama malipo mengine ya serikali. Ikawa kimya. Mwisho ikawa elfu hamsini ya karatasi, isiyo na stakabadhi, nikatoa yaishe. Siwezi kujisifu kwa hilo.

Kule TRA, kwenye kodi, lililoniokoa ni daftari la ujenzi. Boma tulinunua 2008 kwa milioni 11, tukaongeza kidogo kidogo, saruji, mabati, fundi, nondo, milioni 21 na nusu nyingine juu yake, kila risiti nimeibana kwa pini. Kodi ya ongezeko la mtaji inatozwa kwenye faida, asilimia 10, lakini nyumba uliyoimiliki na kuikalia mwenyewe miaka mitatu au zaidi, faida isipozidi milioni 15, haikatwi. Faida yetu ilikuwa 12 hata kabla ya kutoa udalali, ambao nao ni gharama ya kuuza. Asiye na kumbukumbu za gharama, tangu 2023, anapigiwa asilimia 3 ya thamani nzima. Kwa hiyo ule mkataba wa dada na karatasi aliyosaini kupokea hela yake ulikaa kwenye faili moja na risiti za mabati.

Wiki iliyopita nilikuwa Mwanga na mzigo. Kofia akaja kwenye meza, shikamoo mama, marahaba. Mke wake ana sherehe. Akachagua cha njano chenye mikia ya tausi, akakishika muda mrefu.

"Bei gani hiki?"

"Thelathini na tano."

"Ya mwisho?"

"Thelathini na tano."

Akakigeuza, akatazama upande wa ndani, akatabasamu. "Mama, umeweka cha juu."

"Nimeweka."

Akachukua viwili.